Saa ya Kuvaa, Si ya Kuuliza

Jumatatu, 4 Agosti

Kikao saluni kabla ya kufungua. Madam alisimama mbele ya kioo kikubwa, kwa hiyo tulikuwa tunahutubiwa na Madam wawili. Akatangaza: anafungua saluni ya pili, ng'ambo ya soko. Inahitaji msimamizi. Atatoka miongoni mwetu. Atatajwa wiki ijayo.

Nikavuta tumbo ndani.

Akasema hataki mbwembwe. Anataka mtu anayejua thamani ya muda, maana kazi ya nywele ni kazi ya muda: dawa ikizidi inaunguza, ikipungua haishiki. Wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi nikaitikia zaidi.

Tuko watatu. Binti wa kucha hahesabiki. Ana miezi miwili tu hapa na bado anajipaka rangi vidole badala ya kucha. Kwa hiyo ni mimi au Raba. Jina la Raba nimempa mwenyewe, kwa ajili ya saa yake: nyeusi, ya kiume, mkanda wa mpira, kioo kimejaa mikwaruzo kama mlango wa jikoni. Kila akimpaka mtu dawa anaibonyeza, na muda ukitimia inalia ti-ti, ti-ti, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Hana aibu hata kidogo. Tena anatafuna karanga za wateja.

Nikamwangalia mkono. Nikajiangalia mkono. Wangu mtupu.

Hapo nikaelewa Madam alikuwa anatuambia nini. Mtu anayejua thamani ya muda lazima aonekane anao. Raba anao, sawa, lakini wa mpira. Muda wa mpira una thamani gani?

Nyumbani nikamwambia mke wangu kuna nafasi kazini. Kaka yake alikuwa amekaa barazani akisubiri chakula, kazi anayoifanya kwa bidii. Shemeji akauliza nafasi ya nani. Nikasema yangu. Sikusema "huenda". Neno lenyewe ni dogo, lilinipita.

Jumanne, 5 Agosti

Mchana nikaenda kwa fundi saa, yule anayekaa chini ya ngazi za duka la vitambaa na kioo cha kukuzia kimemganda jichoni. Nikamwambia nataka saa. Akauliza ya kufanyia nini. Swali gani hilo! Nikamjibu: ya kuvaa.

Akatoa mbili. Ya kwanza ndogo, ya chuma, uso mweupe, tarakimu zinasomeka. Akasema hiyo haijawahi kumdanganya. Nikamwambia asante, mwanangu wa darasa la pili akihitaji saa nitamleta.

Ya pili, jamani! Dhahabu tupu. (Rangi ya dhahabu, fundi akasahihisha, ingawa hakuna aliyemuuliza.) Pana kama kifuniko cha birika. Ndani yake mna saa nyingine tatu ndogo, kila moja na mshale wake, na ubavuni kuna vitufe ambavyo fundi mwenyewe hajui ni vya nini.

Akanieleza mapema, maana ni mtu mwaminifu kupita kiasi. Mashine imekufa. Vipuri havipatikani. Mishale yote imelala palepale ilipoangukia. Yeye alikuwa anaiweka kabatini kwa ajili ya kuvuta macho ya wapita njia. Hii, akasema, ni saa ya kuvaa, si ya kuuliza.

Nikamuuliza kama mtu akiiona kwa mbali atajua. Akafikiri. Akasema kwa mbali hata maiti huonekana amelala.

Hilo lilinitosha. Malipo tumekubaliana: kichwa chake na cha mkewe viwe juu yangu, bure, hadi mwisho wa mwaka. Wakati naondoka akanihurumia, akataka kunipa na ile ndogo ya chuma, bure, niiweke mfukoni. Nikakataa. Mtu mwenye saa mbili anaonekana ana wasiwasi.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya kwanza na saa. Shati la mikono mirefu, mkono wa kushoto umekunjwa hadi kwenye kiwiko, wa kulia umefungwa kifungo. Mitindo huanza hivyohivyo.

Hadi adhuhuri hakuna aliyeona. Nilionyesha dirisha. Nilionyesha taulo. Nilimwonyesha mteja mlango aliokuwa ameingilia. Nilipitisha mkono kichwani mara nyingi mno, hadi mama mmoja akamuuliza Raba kwa sauti ya chini kama huyu fundi ana chawa. Raba akamjibu kwamba hana hakika, ila kitana chake yeye hukiweka mbali.

Tatizo jingine: glavu. Kwenye dawa lazima tuvae glavu, na glavu zetu zinapanda hadi juu ya kifundo cha mkono. Saa ndani ya glavu ni sawa na saa ndani ya kabati. Nimewaza, nikapata: glavu kwanza, saa juu yake. Raba aliponiona alisimama na beseni mkononi, maji yakimdondokea miguuni. Akauliza kama kesho nitavaa soksi juu ya viatu. Wateja wakacheka. Wivu ni ugonjwa wa kuambukiza.

Madam alipita. Akatazama mkono wangu. Akainua nyusi moja. Naihesabu kama nusu ya idhini.

Jioni ndipo nilipomjua adui yangu halisi. Binti wa kucha aliuliza ni saa ngapi. Nikanyoosha mkono, nikakunjua kifua, nikafumbua mdomo, na yeye akainua macho juu ya mlango, akajijibu. Saa ya ukutani! Ya plastiki, ya duara, zawadi ya wauza rangi za nywele. Imetundikwa pale inamwambia kila mtu saa, bure, bila hata kuombwa. Nani ataniuliza mimi?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefika wa kwanza, nimepanda kigoda, nimetoa betri. Imekufa pale pale, kwa amani. Betri iko mfukoni mwangu.

Bahati ikaongezeka: leo Raba hayupo, ni siku yake ya mapumziko.

Nilitegemea Madam angetuma mtu akanunue betri nyingine. Simjui vizuri huyu mwanamke. Alipoona saa imesimama akasema haoni sababu ya kununua betri wakati kuna mtu humu ndani amebeba mlima mkononi. Muulizeni yeye!

Na wakauliza. Ee, wakauliza! Hapa kwetu simu zote, ya Madam ikiwamo, hulala kwenye droo yake kutwa, tangu fundi mmoja alipokuwa akigombana na mchumba wake kwenye simu huku mteja anaungua utosi. Wateja wao wanazo za kwao, lakini mtu mwenye kucha mbichi hawezi kufungua mkoba. Anakaa vidole vimetanuka kama kaa, na hawezi kuijua saa mpaka ajishushe aniulize. Nami sijibu haraka. Nanyoosha mkono. Nauteteresha kidogo, mkanda uimbe. Nafinya macho. Halafu natangaza.

Nimejuaje saa, mimi mwenye marehemu mkononi? Hilo ndilo linalotofautisha vichwa. Nyuma ya ukuta wetu kuna shule. Kila kipindi kikiisha wanagonga rimu ya gurudumu inayoning'inia kwenye mti. Ratiba yao naijua, wanangu wanasoma pale. Kwa hiyo: rimu ikigongwa napaka dawa, ikigongwa tena naosha. Shule nzima inanifanyia kazi, na haijui. Katikati ya mlio mmoja na mwingine nakadiria.

Dosari moja ndogo. Nilimwambia mteja mmoja bado ni saa nane, akaenda benki akitembea kwa madaha, akarudi anahema: wamefunga. Nikamwambia benki za siku hizi hazina heshima. Akakubali kabisa.

Jioni Madam akasema mbele ya binti wa kucha kwamba leo ameona mtu makini na muda. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Raba amerudi. Sasa kuna saa mbili katika nyumba moja.

Mteja akauliza. Nikanyoosha, nikateteresha, nikatangaza saa tano kasorobo. Kutoka kwenye beseni, bila hata kugeuka, Raba akasema saa tano na robo. Wateja wakatazama mkono wangu, wakatazama wake. Dhahabu. Mpira. Mama mmoja mwenye rola kichwa kizima ndiye aliyetoa hukumu: saa ya bei vile haiwezi kusema uongo. Wenzake wakaitikia kwamba ni kweli. Nikaona namna dunia inavyoendeshwa, na kwa mara ya kwanza nikawa upande unaoendesha.

Raba akanitaka niwaonyeshe uso wa saa yangu, watu wajisomee. Nikamweleza saa za aina hii hazionyeshwionyeshwi, mwanga unazidhuru. Akacheka hadi karanga ikampalia. Alipopata pumzi akasema yeye ananyamaza, wala hatamwambia mtu chochote, ila nikikwama nimwite. Kaka, mimi nipo. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa upole wa kutisha.

Jioni Madam alipofungua droo, simu zote zikawa upande wa Raba. Zote! Kama zilikaa humo kutwa zikila njama. Nikasema mtandao una matatizo. Siku hizi ukisema mtandao una matatizo, kesi imekwisha.

Matengenezo: dawa imerukia pembe moja ya saa na pale dhahabu imegeuka rangi ya kijiko. Nimepaka rangi ya kucha ya mke wangu. Kifundo cha mkono kimeanza kuwa cha kijani. Mke wangu akauliza kama ninaota kuvu. Nikamwambia cheo kina gharama zake.

Jumamosi, 9 Agosti

Madam ametuita ofisini, mimi na Raba. Ofisi ni ile pembe yenye pazia.

Jumatatu asubuhi anakuja mama mkwe wake. Mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya mji huu na anakumbuka nani alizaliwa analia na nani alizaliwa mvivu. Mchana siku hiyohiyo anapigwa picha pamoja na wajukuu wote, mpiga picha ameshaagizwa nyumbani. Mvi zimemjaa, anataka zote ziwe nyeusi. Madam akasema, huku akikunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa tayari, kwamba tangu aolewe hajawahi kumridhisha mwanamke huyo kwa chochote: si chai, si mapazia, si jina la mtoto wa kwanza. Yule atakayemtoa humu anatabasamu... Hakumalizia. Aliniangalia.

Akanipa mimi. Eti mkono wangu unaonekana wa heshima.

Raba akasema neno moja tu: dawa ile inataka dakika, haitaki dhahabu. Nikamjibu kwa utulivu kwamba chema chajiuza. Akasema ndiyo, na kibaya chajitembeza, huku anatazama kifundo cha mkono wangu. Kuna watu hawawezi kuiacha methali nusu.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya kung'arisha. Dawa ya meno na kitambaa laini.

Shemeji amekuja na mkewe na binti yao, ambaye amemaliza mafunzo ya ususi. Wakakaa wamenyooka kama watu waliokuja kuposa. Shemeji akazunguka mbuyu, akauzunguka tena, kisha akaniomba binti apate nafasi katika saluni yangu. Saluni yangu! Nikampa. Nikampa ya keshia, maana ni mtoto wa nyumbani. Shemeji akasema yeye mwenyewe hana makuu, angeridhika na ulinzi, ule wa kukaa. Nikampa na huo. Kugawa vyeo ni kazi nyepesi, sijui kwa nini wakubwa hulalamika.

Akaomba aivae saa kidogo, akawasalimie majirani. Alirudi baada ya kuumaliza mtaa wote, upande huu na upande ule. Sasa hata mwenye kuuza mkaa ananiita Meneja. Hakuna njia ya kurudi nyuma, labda tuhame.

Mke wangu alizungumza muda mrefu kuhusu watoto: shule, likizo, viatu, nani atashinda nao nyumbani. Nilikuwa kwenye ile saa ndogo ya tatu, yenye uchafu uliojificha. Nikasema sawa.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi. Naondoka na nimewakuta watoto wangu bado wamelala. Nimewaambia mvivu hali, na kwamba baba yao hakufika alipo kwa kulala. Wamenitazama kwa huruma, sijui kwa nini.

Jioni. Nimeshakunywa maji. Naandika.

Mama mkwe alikuja Madam akiwa amembebea mkoba. Mdogo, amenyooka, anakutazama kama anayetaka kukupima uzito. Akaangalia saa juu ya glavu. Akauliza: saa ni ya kwangu au ya glavu? Madam akacheka peke yake.

Kabla ya rangi nyeusi, fundi hupaka mafuta pembezoni mwa nywele: kwenye paji la uso, nyuma ya masikio, shingoni. Rangi ikichuruzika inateleza, haiingii kwenye ngozi. Hata mwanafunzi anajua. Lakini kopo la mafuta linataka mikono miwili, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu, nje ya matone, kwa ajili ya kuonekana. Nikasema moyoni kwamba nitaosha kwa wakati, mafuta ya nini?

Nikapaka rangi kwa mkono mmoja. Vizuri tu. Nikawa nasubiri rimu.

Mama mkwe akasimulia uzazi wa pacha. Rimu kimya. Akasimulia uzazi wa Madam mwenyewe, mambo ambayo Madam aliomba yasisimuliwe. Rimu kimya. Nikawaza kwamba walimu leo wamenogewa na somo. Akauliza kama bado. Nikamwambia bado kidogo, mama.

Raba alimpaka mteja dawa, ti-ti, akamwosha. Akampaka mwingine, ti-ti, akamwosha. Akipita na taulo akainama sikioni kwangu, sauti ya asali: Bwana Dhahabu, uambiwe saa? Nikamwambia asante, ninayo.

Wateja wake wote wawili wakaenda kwenye mashine ya kukaushia. Ng'ambo ya ukuta kimya kama makaburini. Nidhamu nzuri, nikajisemea, kumbe mwalimu mkuu mpya anafanya kazi.

Mama mkwe akasema paji la uso linamwasha. Akauliza ni saa ngapi. Nikanyoosha, nikateteresha, nikafinya macho, nikatangaza. Akasema saa hiyo nilimwambia wakati anakaa kitini. Inawezekana. Ni saa ambayo hunijia haraka mdomoni.

Ndipo akanishika mkono. Vidole viwili, chini ya mkanda, kama manesi wanavyoshika. Mashine ya kukaushia ikazimwa, sijui nani aliizima. Akavuta mkono wangu hadi sikioni kwake. Akasikiliza upande mmoja. Akageuza kichwa, akasikiliza wa pili, rangi yote ikanipaka kiwiko. Kisha akatangaza kwa sauti ya wodini:

"Mwanangu, huyu hana mapigo. Kafariki siku nyingi. Ndugu wamejulishwa?"

Raba alikaa sakafuni. Mama wa rola, yule yule aliyenihukumia haki Ijumaa, alipiga mapaja yake hadi rola zikadondoka. Mama mkwe hakucheka. Akaniambia amefanya kazi maisha yake yote na saa iliyobandikwa kifuani kichwa chini miguu juu, mbaya kama chura, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekataa kuzaliwa kwa sababu haikuwa ya dhahabu.

Madam alikuja na maji akikimbia. Tukaosha.

Nywele, lazima niseme ukweli, zilitoka nyeusi. Sijaona weusi wa namna ile. Lakini weusi haukuishia kwenye nywele. Ulishuka pajini hadi karibu na nyusi. Masikio yote mawili. Mstari mzuri shingoni. Mama mkwe alikuwa kama mtu aliyevaa kofia ya pikipiki. Tukasugua kwa sabuni, kwa mafuta, kwa dawa ya meno. Ngozi ikang'aa, na weusi nao ukang'aa.

Kwa kuwa mtu lazima atafute chanzo cha tatizo, nikauliza kwa nini shule iko kimya. Binti wa kucha akanitazama kama nimeuliza jua liko wapi. Likizo. Wamefunga Ijumaa. Mji mzima unajua.

Mama mkwe akaomba kitambaa, akajifunga kichwa hadi juu ya macho. Mlangoni akageuka. Akasema picha ikiharibika nitasikia, na isipoharibika nitasikia vilevile.

Jumanne, 12 Agosti

Picha imefika kabla ya hukumu. Mume wa Madam aliileta mwenyewe saluni.

Nimeiona. Kitambaa kiliteleza wakati ule ule mpiga picha alipobonyeza. Wajukuu wanacheka wote, mmoja ameanguka kutoka kwenye kigoda, haonekani ila miguu. Mume wa Madam amejikunja, ameshika tumbo. Na katikati, masikio meusi tititi, mama mkwe, kinywa wazi, anacheka hadi magego yanaonekana. Mume wa Madam anasema katika picha zote za ukoo wao mama yake amekaa kama anasubiri matokeo ya mtihani. Hii ameitia fremu. Akamwambia mkewe huyu fundi asifukuzwe, na mama naye amesema hivyohivyo: nibaki, apate wa kumwonyesha wageni.

Basi Madam hakunifukuza. Alinielezea tu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo baya. Rangi sigusi. Dawa ya kulainisha sigusi. Nitasuka. Kwenye kusuka, akasema, hakuna kuunguza. Mtu anasuka mpaka nywele zinaisha. Halafu akanyoosha kiganja, akadai betri. Nikauliza betri gani. Kiganja kikabaki palepale. Nikatoa.

Msimamizi wa saluni ya pili ni Raba. Alishukuru kila mtu, hata mimi, hasa mimi. Akasema ukuta wa kule bado mtupu, akipata pambo la dhahabu atafurahi.

Jioni nikamweleza shemeji. Aliipokea kama mtu aliyeporwa. Akasema nimempotezea kazi mbili kwa mpigo, yake na ya binti yake, na sasa mtaa utamwonaje? Nikamkumbusha kwamba hakuwa na kazi hata moja. Akasema wiki iliyopita hakuwa nayo na alikuwa anaheshimika. Leo hana tena na anachekwa. Mke wangu akatuambia tule, chakula kinapoa. Mwenye mkaa amepita akaniita Meneja. Sijui kama alikuwa ameshasikia.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbili nasuka. Vidole vimevimba. Binti wa shemeji alikwenda mwenyewe kwa Raba, akaonyesha kazi yake, akaandikwa papo hapo. Hakunishukuru. Saa nimempa shemeji, anaivaa kutwa barazani na wala haimletei matatizo, maana hakuna mtu anayetegemea shemeji ajue chochote.

Nimekaa nikatafakari kwa uaminifu. Mtu mzima hujifunza kutokana na makosa yake, na mimi nimejifunza.

Kosa langu lilikuwa moja: nilivaa kitu kisichofanya kazi.

Hili nimelizingatia, maana kuna nafasi. Raba amekwenda, na kiti chake, cha fundi mkuu, kiko wazi. Mume wa Madam, bado ana furaha ya picha, amesema Jumatatu atakuja nimnyoe kabla hajasafiri. Madam amekubali kwa shingo upande. Atasimama pembeni aone kama mimi ni mtu wa kuaminiwa. Kwa hiyo ninachohitaji ni sura ya mtu makini.

Nimenunua miwani.

Fremu nyeusi, vioo vinene kama vitako vya chupa. Muuzaji alinionyesha na ile ya kioo kitupu, ya kupendezea tu. Nikamcheka. Mimi huyo? Nilishaungua na mapambo. Hii ni miwani ya kweli kabisa, ilipimwa hospitali, ilikuwa ya mhasibu mmoja mstaafu. Inafanya kazi. Kwa macho ya mtu mwingine, lakini inafanya kazi.

Nimeivaa jioni nzima ili nizoee. Nimemimina chai, kikombe hakikuwapo. Nimemsalimia mama mkwe wangu kwa heshima zote, kumbe ni mashuka kwenye kamba. Mke wangu akaniambia niivue. Nikamjibu asiongee kutoka mbali. Alikuwa amekaa karibu yangu.

Lakini kwenye kioo, nikisogea hadi pua iguse, naona mtu wa maana sana.

Mume wa Madam hataki mengi. Zipunguzwe tu kuzunguka masikio. Mkasi nimeshaunoa.